Mkono Mgeni

Mtumishi wa tatu aliondoka Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, maharage ya kupondwa yakimchuruzika shavuni. Hakudai hata ujira wa siku ile. Alisimama mlangoni, akajifuta jicho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akasema:

"Daktari, mama yako namheshimu kama mama yangu. Lakini macho ninayo mawili tu."

Akashuka ghorofa nne kwa miguu. Lifti ilikuwa imekufa tangu kiangazi na wapangaji bado walikuwa wanabishana nani aifufue.

Shahinaz hakumsindikiza. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Panya wake ishirini na wanne walikuwa wanamngoja maabara tangu saa moja kamili.

"Shushu!" mama yake aliita kutoka kitandani. "Yule alikuwa nani?"

"Mtumishi, Mama. Umemrushia sahani."

"Ana mkono mbaya."

"Mkono wake una nini?"

"Si wako."

Hajjat Dawlat alikuwa na miaka themanini na sita. Mwaka ule akili yake ilikuwa inaondoka kidogo kidogo, kama mgeni anayeaga huku bado amekaa. Alisahau kwamba mumewe alikufa. Alisahau choo kiko wapi. Lakini jambo moja alilishika kwa meno yake manne yaliyobaki: chakula cha asubuhi na kidonge cha presha alivipokea kwa mkono wa Shushu tu. Mukhtar, mume wa Shahinaz, karani mstaafu wa bandarini, alijaribu mara moja. Sasa alikuwa anaonyesha kidole chake kwa kila aliyefika.

"Ana meno manne," alikuwa anasema, "na yote yalikutana hapa."

Shahinaz aliketi kando ya kitanda. Alimega mkate, akauchovya kwenye maharage, akaupeleka taratibu. Mdomo ulifunguka bila ubishi, kama wa kifaranga. Kisha kidonge, kisha maji. Hajjat akameza, akashika kiganja cha bintiye, akakinusa, akakilaza shavuni.

"Usiende," alisema.

"Nina kazi, Mama."

"Kila siku kazi. Kazi gani hiyo isiyozaa hata kuku?"

Shahinaz alicheka, akauchomoa mkono wake.

Alifika maabara, mtaa wa Azarita, saa mbili na nusu. Ndani ya tramu mwanamke aliyeketi karibu naye alivuta pumzi, akamtazama toka juu mpaka chini, akahamia kiti cha mbele. Shahinaz alikwisha zoea. Harufu ya panya haitoki kwa sabuni. Inakaa kwenye nywele.

Yustina, msaidizi wake, alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha wanyama, mikono kifuani.

"Daktari, umechelewa saa na nusu."

"Najua."

"Hatuwezi kuihesabu hii kuwa siku ya kwanza. Wamekwisha kula, wamekwisha lala."

"Nimesema najua, binti yangu. Tunaanza kesho."

"Na kesho Hajjat akikataa?"

Shahinaz alimpita mlangoni. Alichukua koti lake jeupe kwenye msumari, koti ambalo halikuwa jeupe tena, halijaonja maji tangu Septemba, na halikutakiwa kuonja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye shina la ubongo, pale panapotawaliwa mapigo ya moyo na presha ya damu, kuna kipokezi kimoja ambacho Shahinaz alikuwa amekifuatilia tangu ujana wake. Kipokezi ni kitu kidogo kwenye utando wa seli. Dawa ikifika, kinaipokea na kupeleka habari ndani, na presha inashuka. Kisipopokea, dawa zote za duniani ni maji ya mfereji tu. Wakubwa wa fani walikwisha kata shauri: kwa majike waliozeeka, kipokezi hicho kimekufa. Shahinaz alisema hakijafa. Aliandika makala, akaituma kwa jarida la nje. Wakaguzi wawili walisifu. Wa tatu aliandika mistari miwili: wanyama hawa huenda walikuwa na hofu, na hofu huvuruga presha. Rudieni kwa wanyama watulivu. Siku sitini.

Siku ishirini na tisa zilikwisha pita.

Panya hatulizwi kwa kubembelezwa. Anatulizwa kwa mazoea: saa ileile, koti lilelile, mkono uleule, siku kumi mfululizo. Siku ya kwanza unaingiza mkono kizimbani, unaufungua, unauacha. Hushiki, huiti, husukumi. Mkono unakaa kama jiwe, dakika kumi, na yeye ndiye anayeamua. Siku ya pili atanusa. Siku ya tatu au ya nne atapanda. Kuanzia siku ya tano unamzoeza kimkanda cha kupimia presha mkiani. Siku kumi zikiisha anakaa mwenyewe kimya, unapima presha, unampa tone la dawa kupitia kijibomba chembamba kilichowekwa nyuma ya kichwa, unapima tena. Mkono mgeni ukiingia katikati ya siku hizo, umemwaga kila kitu.

Na panya wazee hawauzwi popote. Hawa aliwalea mwenyewe, mwaka na miezi minane. Walikuwa thelathini na mmoja. Saba walikwisha kufa kwa uzee tu, mmoja mmoja, bila kumngoja mkaguzi wa tatu.

Adhuhuri mkuu wa idara alichungulia. Alikuwa mwanafunzi wake zamani, na kila alipotaka kumnyang'anya kitu alimwita mama.

"Mama yetu, Januari unatimiza sitini, unastaafu, Mungu akupe umri. Hiki chumba vijana wanakihitaji. Wanataka kuweka mashine."

"Mpaka Januari ni changu."

"Hakika, hakika. Nasema tu ujiandae moyo." Akaziba pua kidogo, kwa adabu, akatoka.

Yustina alisonya. "Kujiandaa moyo! Mtu mwenyewe tasnifu yake uliiandika upya mara tatu."

"Mara nne," Shahinaz alisema. "Funga mlango, unawatisha."

Jioni ile kaka yake Ihab alipiga simu kutoka Dammam, ng'ambo. Mukhtar aliiweka sauti wazi mezani, katikati ya bakuli la mchuzi wa majani ya mlokhia na wali.

"Mtafute nyumba ya wazee," Ihab alisema. "Nitalipa nusu."

"Huko nani atamlisha?"

"Wauguzi."

"Atawauma."

"Basi acha kazi wewe. Sema kweli, Shushu, umebakiwa na nini hapo chuoni? Miezi miwili? Kwa ajili ya panya?"

Shahinaz alikunja mkate, akaukunjua. "Ukimkumbuka sana mama yako," alisema, "ndege zipo kila siku."

Simu ilikatika, au ilikatwa. Mukhtar alijichotea wali. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani huwachosha wenzao.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Lakini kaka yako hajakosea yote."

"Kama husemi kitu, usiseme."

Mke wa bawabu alimleta dada yake kutoka Kafr el-Dawwar. Jina lake Nagah, mjane, mapaja kama nguzo na ulimi usio na pazia. Alimtazama Hajjat kwa mbali, akamtazama Shahinaz.

"Mimi nimemlea mama mkwe kipofu miaka tisa. Alikuwa ananipiga kwa kiatu. Huyu anarusha nini?"

"Vijiko. Sahani wakati mwingine."

"Basi afadhali. Vijiko havina kisigino."

Hata Nagah hakufua dafu. Hajjat alimwacha afagie, amgeuze, ambadilishe shuka, lakini kijiko kilipokaribia mdomo, mdomo ulifungwa kama duka siku ya Ijumaa. Basi Shahinaz akabuni njia: akawa anamwamsha mama yake saa kumi na moja alfajiri, anamlisha nusu usingizi, anampa kidonge, kisha anakimbilia tramu. Siku ya kwanza ya panya ikapita. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Panya Namba Kumi na Saba, jike mkorofi mwenye sikio lililoliwa, alipanda kiganjani kwa mara ya kwanza, akazunguka, akaketi. Shahinaz alishikwa na furaha ya kitoto.

Nyumbani mambo yalienda kinyume. Mzee anayeamshwa alfajiri siku tano hajui tena mchana ni upi. Hajjat alilala mezani, akalia saa tisa alasiri akidai ni asubuhi na kwamba Shushu hajaja. Presha ikapanda. Siku ya sita, ile tufani ambayo watu wa Iskandaria huiita Ufagio ikapiga, mvua ya mshazari na upepo wa kung'oa vibao vya maduka, na alfajiri Hajjat akateleza akitafuta mlango wa nyumba waliyohama miaka arobaini iliyopita. Hakuvunjika. Alijichuna paji la uso, akawa anatetemeka, na kipimo cha presha kikasoma mia mbili na tano.

"Usiende," alisema, akikamata kiganja cha bintiye kwa mikono miwili.

Shahinaz hakwenda. Saa moja kasoro dakika kumi alipiga simu maabara.

"Yustina. Vaa koti langu."

"Lile? Daktari, lile linaweza kusimama lenyewe."

"Ndiyo maana nataka ulivae. Usijipake manukato, usitumie glavu mpya, tumia zangu za jana. Fanya kama ninavyofanya. Usiseme nao."

"Na wakiogopa?"

"Basi tumekwisha," Shahinaz alisema, akakata.

Saa nne simu ililia. Alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda cha mama yake, maana Hajjat hakukubali kuuachia mkono hata akiwa usingizini.

"Daktari, hawajajua."

"Hawajajua nini?"

"Kwamba si wewe! Wote wametulia. Nimejaribu kuwapima sita, presha ni zilezile za jana, tofauti mbili tatu tu. Namba Kumi na Saba amepanda mkononi mwangu akajilamba miguu. Kwao wewe ni koti, Daktari."

Yustina alicheka kwa furaha. Shahinaz naye alicheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kucheka. Kazi ilikuwa imeokoka. Aliishusha simu, akabaki anatazama mvua kwenye kioo. Mwaka na miezi minane aliwalisha, aliwapasua, aliwafunga vidonda kwa mkono huu. Na wao walizoea koti.

Kisha akageuka, akamtazama mama yake aliyelala, pua imeegemea kiganja.

Shahinaz alikuwa na gauni la nyumbani la buluu, la pamba, lililopauka mabegani, alilolivaa kila asubuhi kwa miaka sita. Lilikuwa na harufu ya kitunguu saumu, ya krimu ya mikono ya kopo la bati, na ya yeye mwenyewe. Kesho yake alimpa Nagah.

"Nivae nguo yako?" Nagah alilinyoosha mbele ya kifua. "Daktari, hapa pataingia mguu mmoja."

"Fumua ubavuni. Lakini usilifue. Na jipake krimu hii mikononi."

"Mimi sili kitunguu saumu asubuhi."

"Leo utakishika."

Nagah alimtazama vizuri, kisha akaelewa, maana hakuwa mjinga. "Unataka nimdanganye mzee."

"Nataka ale, Nagah. Nataka ameze kidonge."

Shahinaz alisimama nyuma ya mlango wa jikoni, viatu miguuni, mkoba begani. Alisikia kitanda kikilalamika chini ya uzito wa Nagah. Kisha sauti ya mama yake, nyepesi, ya kulaumu kwa mapenzi:

"Umechelewa leo, Shushu."

Na Nagah, sauti ameipunguza: "Nimechelewa, Mama. Fungua mdomo."

Akaufungua.

Shahinaz alishuka ngazi mbio. Kwenye tramu hakuna aliyemhama siku ile, au labda hakuona.

Siku tatu zilizofuata zilikwenda kama maji kwenye mfereji. Hajjat alikula kwa saa zake, akalala kwa saa zake, presha ikateremka hadi mia na hamsini. Mukhtar alianza kusoma gazeti lake kwa amani na kumsifu Nagah mbele ya wageni. Shahinaz aliondoka kabla mama yake hajaamka na kurudi akiwa amesinzia, na akajiambia kwamba hizi ni siku chache tu, zikiisha atakaa naye mpaka wachokane.

Siku ya kumi jioni, Nagah alimngoja jikoni. Alikuwa anachambua dengu ambazo zilikwisha chambuliwa.

"Daktari, nina neno. Usinikasirikie."

"Amekuuma?"

"Afadhali angeniuma." Akasukuma sinia. "Leo Hajjat kaniomba radhi. Kanishika mkono, analia. Kasema: Shushu, ile telegramu ilikuwa ya uongo. Sikuwa mgonjwa. Kasema nilikuwa na upweke baada ya baba yako kufa, nikakutaka tu urudi, nikamwambia Ihab aandike mahututi. Kasema nilijua kule kuna kitu chako umekiacha, kila nikikutazama unakitafuta." Nagah aliokota punje ya dengu. "Mimi sijui telegramu gani. Nilidhani ni akili yake tu."

Shahinaz alivuta kiti, akaketi. Miaka thelathini na moja iliyopita, alipokuwa akisoma ughaibuni. Mji wa theluji, maabara ya ghorofa ya saba, panya jike mmoja mzee ambaye kalamu ya mashine ilichora presha yake ikishuka, wazi kabisa, wiki ileile ilipofika telegramu. Alikata kile kipande cha karatasi, akakitia mkobani, akapanda ndege. Na mlangoni mama yake alimpokea amesimama, shavu jekundu, akisema Mungu ameniponya kwa kusikia tu unakuja. Mtaa mzima uliusimulia ule muujiza. Karatasi ilikuwa bado kwenye droo yake, imekuwa ya manjano.

"Ukamjibu nini?" aliuliza.

"Ningefanyaje? Mzee analia." Nagah aliangalia dengu. "Nilimwambia nimekusamehe, Mama. Nilimwambia yamekwisha."

Maji yalikuwa yanachemka. Hakuna aliyeyaondoa.

"Nimekosea?"

"Hapana," Shahinaz alisema. "Alisemaje?"

"Alisema alhamdulillah. Akalala. Hajawahi kulala vile tangu nije."

Shahinaz aliinuka, akazima jiko. Alikwenda mpaka mlango wa chumba. Mama yake alikuwa amelala chali, uso umenyooka, mikono imefunguka juu ya blanketi. Alitaka kumwamsha. Alitaka kumwambia: niulize mimi. Huenda ningekataa. Huenda ningekupigia kelele, ningekwambia umekula maisha yangu kwa kijiko, na baada ya kelele labda ningekusamehe, lakini ingekuwa kwa mdomo wangu. Alisimama pale mpaka miguu ikamuuma, kisha akafunga mlango polepole, kama anavyofunga wa panya.

Siku ya kumi na moja hadi ya kumi na nne walipima. Wawili walikufa kabla ya zamu yao, wakabaki ishirini na wawili. Tone la dawa, dakika tano, namba. Yustina alisoma kwa sauti na Shahinaz aliandika kwa mkono, kwa sababu hakuamini chochote ambacho hakukiandika kwa mkono.

"Mia arobaini na nne. Baada ya dawa, mia ishirini na moja."

"Endelea."

"Mia thelathini na tisa. Mia kumi na nane. Daktari..."

"Endelea, nimekwambia."

Namba Kumi na Saba alikuwa wa mwisho. Alitoka mia hamsini na mbili, akasimama pale pale dakika moja, mbili, tatu, Yustina akaanza kuuma kucha. Dakika ya nne namba zikaanza kuteremka kama mtu anayeshuka ngazi akishikilia ukuta. Mia ishirini na tano.

Kumi na tisa kati ya ishirini na wawili. Kipokezi hakikuwa kimekufa. Kilikuwa kinachelewa tu. Majike wazee walijibu dakika moja au mbili baada ya vijana, na wote waliotangulia, kwa haraka zao, walikuwa wameacha kungoja.

Yustina alimkumbatia, koti, harufu na vyote. "Tuandike nini kuhusu siku ya sita? Ya mimi?"

"Tuandike ilivyokuwa. Mikono miwili, koti moja. Mkaguzi wa tatu atafurahi."

Alikaa peke yake baadaye, akatoa kile kipande cha karatasi cha manjano, akakilinganisha na namba za leo. Pale pia, kule kwenye theluji, presha ilikuwa imechelewa dakika nne. Alikuwa nayo droo­ni muda wote, na hakuwahi kuihesabu. Alitamani kuwa na mtu wa kumwambia. Wa kumwambia alikuwa mmoja, mama yake.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Shahinaz alioga mara mbili, akasugua nywele kwa siki, akamwomba Nagah gauni.

"Leo nitamlisha mimi. Wewe pumzika."

Nagah alilivua kwa shida, akampa bila neno. Ubavuni lilikuwa limefumuliwa na kuongezewa kitambaa cha maua. Shahinaz alilivaa, lilimpwaya. Akaingia na sinia: maharage, jibini nyeupe, nyanya, kidonge kwenye kisahani.

"Sabah al-kheir, Mama."

Hajjat Dawlat alimtazama. Macho yalikuwa maangavu, ya mtu aliyelala vizuri na kula vizuri.

"Karibu, binti," alisema. "Unamtafuta nani?"

"Mimi Shushu, Mama."

Hajjat aliinama mbele kidogo, akavuta pumzi kwenye mkono wa gauni. Gauni lilinuka jasho la Nagah, sabuni ya Nagah, iliki ambayo Nagah alipenda kutafuna. Uso wa mzee ulikunjamana, si kwa hasira, ila kwa aibu ya kumsema mgeni.

"Umevaa gauni la mwanangu," alisema kwa upole. "Mrudishie, mwanangu. Ana hili tu la nyumbani. Yeye hajinunulii kitu."

Shahinaz alipeleka kipande cha mkate. Mdomo ulifungwa.

"Shushu!" Hajjat aliita kuelekea jikoni. "Shushu, kuna mgeni!"

Nagah alitokea mlangoni, ana kanzu yake mwenyewe nyeusi, macho mekundu. Alimtazama Shahinaz kuomba ruhusa. Mukhtar, sebuleni, alilishusha gazeti.

"Mlishe," Shahinaz alisema. "Kidonge kisichelewe."

Alimpisha kitini. Mzee akala chote, akimsimulia Nagah habari za bei ya samaki wa mwaka ambao Shahinaz hakuwa amezaliwa. Alimeza kidonge. Akakishika kiganja cha Nagah, akakilaza shavuni. Kila alichozoea kumfanyia Shahinaz alikifanya sawasawa. Hakuna kilichokuwa kimepotea isipokuwa mahali pa kukipeleka.

Nagah aliondoka na sinia akijikwaa. "Kesho sitakuja, Daktari," alinong'ona. "Bora nisije. Akinisahau, atarudi kwako."

"Utakuja kesho. Nani atamlisha?"

"Na wewe je?"

Shahinaz alimpokea sinia, akaiweka chini. Alilivua gauni la buluu, akaliweka mikononi mwa Nagah, akabaki na fulana na sketi. Hakujipaka krimu. Alivuta kile kiti kidogo cha chini, kile ambacho wageni hupewa, akakiweka kando ya kitanda, si karibu sana. Akaketi. Akatazama saa ya ukutani: saa mbili na dakika tano.

Kisha akaulaza mkono wake juu ya blanketi, kiganja wazi, akauacha pale.

Hajjat aliutazama mkono. Akamtazama mwenye mkono. Akageukia dirisha, ambako tufani ilikuwa imekwisha fagia mbingu yote.

Shahinaz hakumwita, wala hakumgusa. Dakika ya tatu ikapita, ya nne, ya tano. Mkono ulianza kufa ganzi. Aliuacha palepale. Siku ya kwanza ni ya kukaa tu.